Wiki ya mikosi nyumbani: nishukuru kitu gani?

*Habari za kazi, mshauri. Nyumbani kwangu wiki hii imekuwa balaa tupu. Jumatatu niliamka nikakuta jikoni kumejaa maji, bomba la chini ya sinki limepasuka. Nilideki mpaka nikachelewa kazini, mwanangu mkubwa akinisaidia. Jumanne jioni ufunguo ulivunjikia kwenye kitasa nikiwa nje na watoto, giza linaingia, tukakaa kwa jirani mpaka fundi alipofika. Jumatano mdogo aliitumbukiza simu yangu kwenye ndoo. Alhamisi friji ikazima na kila kilichokuwa ndani kikaharibika. Ijumaa, kwa haraka za asubuhi, nikajimwagia maji ya moto mkononi. Nikimlalamikia mume wangu ananiambia, "Mshukuru Mungu, wapo wasio na hata hiyo nyumba ya kuvuja." Mama yangu naye alinishauri kila usiku niandike mambo kumi ya kushukuru. Usiku wa tatu nilifika la nne, nikakwama, nikalia. Mwenzangu kazini anasema haya si ya kawaida, nimeingiwa na nuksi. Mimi sijui la nuksi, lakini najiona mtu asiye na shukrani, na hilo linaniuma kuliko friji. Je, kuna njia ya kweli ya kushukuru katikati ya vurugu kama hii, au ndiyo nimekuwa mlalamishi?*

Dada yangu, pole sana. Nianze na huo mkono, maana shukrani inaweza kusubiri na kidonda hakisubiri. Kama kuna malengelenge, usiyatumbue. Ukiona wekundu unatambaa, usaha, homa, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, nenda zahanati leoleo. Na kwa siku nyingine, kwako au kwa mtoto: aliyeungua awekwe chini ya maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida na si barafu, kwa dakika 20, pete na saa zivuliwe kabla mkono haujavimba. Dawa ya meno, siagi na unga havina kazi hapo. Vinamwachia tu mhudumu wa afya kibarua cha kuvibandua kwenye kidonda kibichi.

La pili la haraka ni umeme. Friji iliyozima siku chache baada ya jikoni kujaa maji isichomekwe tena kwa kubahatisha. Zima swichi, mwite fundi umeme aangalie soketi na waya kabla ya kuigusa friji yenyewe. Nimeyatanguliza haya kwa makusudi. Wengi wanaoniuliza kuhusu shukrani wana kitu kinachovuja mahali fulani, na wanahangaika kuirekebisha roho wakati kinachotakiwa ni spana.

Sasa swali lako. Nimelisoma kwa utulivu na naona ndani yake mna maswali matatu yaliyofungwa fundo moja. Je, kuna kitu kinaniandama? Je, mimi ni mtu mbaya? Na je, kushukuru katika hali hii kunawezekana bila kujidanganya? Watu wa karibu yako wamekujibu yote matatu kwa mkupuo, kila mmoja kwa namna yake, na majibu yao yamekuongezea mzigo.

Kuhusu nuksi: unasema huijui, lakini umeiandika, kwa hiyo imekugusa. Mtu akipatwa na mambo matano kwa siku tano, akili yake inadai pawe na mkono mmoja ulioyapanga. Mwaka 1944 wakazi wa London walikuwa na hisia hiyohiyo juu ya jambo zito zaidi. Mabomu yaliyorushwa kutoka mbali yalikuwa yakiangukia baadhi ya mitaa mara kwa mara na kuiruka mingine, na watu wakaamini kuna sehemu zinazolengwa. Baada ya vita, R. D. Clarke, mtaalamu wa hesabu za bima, aligawa eneo la kusini mwa jiji katika miraba 576 iliyo sawa na kuhesabu mabomu 537 yaliyoangukia humo. Miraba 229 haikuguswa hata mara moja. Mmoja ulipigwa mara saba. Alipoyalinganisha hayo na jinsi mambo yanavyotawanyika yakiachiwa bahati peke yake, vilikaribiana mno, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1946. Bahati haina tabia ya kugawa sawasawa. Mikosi yako ingekuja mmoja kila mwezi, kwa zamu, hapo ndipo ningeanza kushuku kuna anayepanga. Halafu kuna wiki zote zile ambazo hakuna kilichopasuka wala kuvunjika. Hukuziandikia barua, wala hakuna mtu kazini aliyekuuliza zimesababishwa na nini.

Ila nisiseme ni bahati tupu. Matukio yako yana undugu. Jumatatu uliamkia maji ukachelewa kazini, na anayechelewa asubuhi hushinda siku nzima akifukuzana na saa. Jumanne ulikuwa mlangoni na watoto, giza linaingia, na ufunguo unaogeuzwa kwa haraka hugeuzwa kwa nguvu. Friji huenda imelipia maji ya Jumatatu. Ijumaa uliungua, kwa maneno yako mwenyewe, kwa haraka za asubuhi. Uchovu hupunguza umakini, na umakini ukipungua mikono inakosea. Hili lina faida yake kulijua, kwa sababu nuksi huwezi kuikamata, lakini uchovu unaweza kuukata katikati. Usiku wa Jumatano, kulala saa moja mapema kungekusaidia kuliko orodha yoyote.

Kuna dhana nyingine nataka tuiondoe: kwamba haya ni mambo madogo mno kumliza mtu mzima. Mwaka 1981 Allen Kanner, Richard Lazarus na wenzao huko Marekani walitunga orodha mbili, moja ya kero 117 za kila siku na nyingine ya mambo 135 ya kuburudisha, wakawafuatilia watu wazima kwa miezi kadhaa. Walikuta kwamba kero za kila siku zilitabiri dalili za msongo vizuri zaidi kuliko matukio makubwa ya maisha. Hiyo haifanyi kufiwa kuwe jambo dogo. Tukio kubwa mara nyingi hutuumiza kwa kupitia vidogo linavyovizaa, na zaidi ya hapo, tukio kubwa huja na watu: wanakuja kukaa nawe, wanakusamehe majukumu, wanashusha sauti ukipita. Bomba haliji na watu. Hakuna anayekuja kukupa pole ya kitasa. Unatakiwa uingie ofisini kama kawaida, viatu vimelowa, na ukiulizwa habari za asubuhi ujibu nzuri.

Tena akili ya binadamu haipimi mabaya na mema kwa mizani moja. Mwaka 2001 Roy Baumeister na wenzake walipitia tafiti nyingi kuhusu ndoa, malezi, kujifunza na hisia, na karibu kila walipotazama, baya lilikuwa na nguvu kuliko jema la ukubwa uleule. Maelezo wanayoyatoa yanaeleweka: aliyepuuza hatari moja huenda hakupata nafasi ya kupuuza ya pili, ilhali aliyepuuza jambo zuri alipata lingine kesho yake. Tumerithi macho ya waliokuwa na wasiwasi.

Kama unataka kuliona hilo kwa macho, rudi kwenye barua yako uisome kana kwamba imeandikwa na mwingine. Bomba limepewa sinki, jikoni, maji na kuchelewa kazini. Mwanao mkubwa amepewa maneno matatu mwishoni mwa sentensi: "mwanangu mkubwa akinisaidia". Hatujui alishika nini, aliamshwa au aliamka mwenyewe, wala kama naye alichelewa shule. Jirani amepata "tukakaa kwa jirani", kisha fundi akafika na sentensi ikaisha. Sikusuti, dada. Sote tunasimulia hivyo, na ungeniandikia barua ya kumsifu jirani nisingejua kwamba friji imekufa. Lakini waone hao watu wawili. Hukuwa na sababu yoyote ya kuwataja, kwa kuwa swali lako lingesimama bila wao. Uliwataja kwa sababu wamekaa moyoni mwako. Shukrani unayoitafuta imo ndani ya barua, ila imebanwa pembeni mwa sentensi za maji na moto.

Hapo ndipo penye kiini cha jibu langu. Wewe unadhani shukrani ni hali ya moyo inayopaswa kuja kuichukua nafasi ya hasira, na kwa kuwa hasira bado ipo, unahitimisha kwamba shukrani haipo. Robert Emmons, mwanasaikolojia aliyetumia miaka mingi kuichunguza shukrani, huieleza kwa mambo mawili: kukiri kwamba kuna jema limetokea, na kutambua kwamba chanzo chake, japo kwa sehemu, kiko nje yako. Angalia kisichokuwemo. Hakuna panaposema usikasirike, wala utabasamu, wala ulione bomba lililopasuka kuwa ni baraka. Unaweza kuwa umekasirika mpaka mishipa imekusimama na papo hapo ukajua kabisa kwamba jirani alikufungulia mlango bila kuuliza mtakaa mpaka saa ngapi. Vyote viwili ni kweli, wala huhitaji kimoja kiishe ili kingine kianze.

Kuizima hasira ili uonekane mwenye shukrani kuna gharama. James Gross na Robert Levenson, katika utafiti wao wa mwaka 1997, waliwaonyesha watu filamu fupi na kuwataka baadhi yao wasionyeshe chochote usoni. Nyuso zilitulia kweli, lakini miili ilisema mengine: mfumo wa moyo na mishipa ya damu ulifanya kazi kwa nguvu zaidi kuliko kwa wale walioachwa watazame tu. Kwa hiyo machozi yako ya usiku wa tatu siyahesabu kama kushindwa. Ulikuwa umechoka, una hasira, unalazimishwa na daftari useme umefurahi. Mwili ulikataa.

Sasa mume wako, nami nitajaribu kumtendea haki. Sentensi yake ina makosa mawili, lakini inawezekana haikutoka mahali pabaya. Watu wengi, wanaume kwa wanawake, wakisikia lalamiko hudhani wanaulizwa suluhisho, na wasipokuwa nalo wanatafuta neno la kulifunga. "Mshukuru Mungu" ni neno zuri la kufungia, maana nani atabishana nalo?

Kosa la kwanza ni kukulinganisha na mwenye shida kubwa zaidi. Mara nyingi ulinganisho wa namna hiyo humwachia msikilizaji hatia: bado anaumwa na lake, na sasa anaona aibu kuumwa. Tena kuna kitu kisicho cha heshima ndani yake, kumtumia asiye na nyumba kama kipimo cha furaha yetu. Tofauti na hapo, wazee walituachia msemo wa heri nusu shari kuliko shari kamili, na huo una akili nyingine kabisa. Unalinganisha tukio lako na lenyewe lingekuwa baya zaidi. Maji ya Jumatatu yangeingia chumba wanacholala watoto. Maji ya moto ya Ijumaa yangemwagikia mdogo. Akili hufanya hivi yenyewe: mwaka 1995 Victoria Medvec, Scott Madey na Thomas Gilovich walichapisha uchambuzi wa nyuso za washindi wa Olimpiki ya 1992 ya Barcelona, wakakuta walioshika nafasi ya tatu wameonekana na furaha kuliko walioshika ya pili. Wa pili anaiona dhahabu iliyomponyoka. Wa tatu anaona kwamba nusura aondoke mikono mitupu. Kwa hiyo nusu shari ni dawa, kwa sharti moja: uiseme wewe mwenyewe, jambo likishapoa. Ikisemwa na mwingine wakati bado unadeki, ni kejeli.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na hapa naomba unisome kwa makini kwa sababu sijui nyumba yako inaendeshwaje. Katika barua nzima, mume anaonekana mara moja tu, akizungumza. Inawezekana alikuwa safarini, au zamu zake ni za usiku, au ndiye aliyemtafuta fundi na hukuona haja ya kuandika. Lakini kama wiki nzima wewe ndiye uliyedeki, ukamngoja fundi, ukatoa vilivyooza kwenye friji, ukaamsha watoto na kwenda kazini, basi lalamiko lako halikuwa upungufu wa shukrani. Lilikuwa taarifa kuhusu mgawanyo wa kazi. Allison Daminger, mwanasosholojia wa Marekani, aliwahoji wanandoa kuhusu kazi isiyoonekana ya kuendesha nyumba na mwaka 2019 akaieleza katika sehemu nne: kuona mbele kitakachohitajika, kutafuta njia zilizopo, kuamua, na kufuatilia kama limefanyika. Alikuta wanawake wamebeba sehemu kubwa zaidi, hasa ile ya kuona mbele na ya kufuatilia, huku kuamua kukifanywa na wote wawili. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na mume anayekubali kila akiombwa, na bado amechoka: ni yeye anayekumbuka kuomba.

Shukrani isitumike kufunika hilo. Nimeona ndoa ambamo "uwe na shukrani" maana yake ni "usiguse ratiba yangu". Kama ndivyo, zungumza naye siku ambayo hakuna kilichoharibika, na umkabidhi kitu kizima, siyo msaada wa hapa na pale. Unaweza kumwambia: "Baba fulani, nikikueleza yaliyonipata siombi dawa, naomba unisikilize kwanza. Halafu mambo ya mafundi, kuanzia kujua nani wa kuitwa mpaka kuhakikisha kazi imeisha, naomba yawe yako." Akikubali, uyaachie kweli. Kama atachelewesha fundi siku mbili, fundi atachelewa siku mbili.

Turudi kwa mama na mambo yake kumi. Nia yake ni njema na wazo lenyewe lina msingi, lakini dozi imezidi. Katika utafiti uliolifanya jambo hili lijulikane, wa Robert Emmons na Michael McCullough mwaka 2003, kundi moja liliandika mambo ya kushukuru mara moja kwa wiki kwa wiki kumi, yasiyozidi matano. Kundi jingine liliandika kero. Walioandika ya kushukuru waliyaona maisha yao kuwa mazuri zaidi. Mwaka 2005 Sonja Lyubomirsky na wenzake walieleza jaribio la kulinganisha walioandika mara moja kwa wiki na walioandika mara tatu; walionufaika ni wale wa mara moja. Jambo jema likigeuzwa kuwa zoezi la kila usiku linachuja haraka.

Na idadi ina hila yake. Norbert Schwarz na wenzake, mwaka 1991, waliwataka watu wakumbuke mara walizosimamia msimamo wao: wengine walitakiwa kutoa mifano 6, wengine 12. Waliotoa 12, ingawa walikuwa na ushahidi mara mbili, walijiona watu wasio na msimamo. Kwa nini? Mifano ya mwisho ilikuwa migumu kuipata, na akili ikausoma ule ugumu kama jibu. Mimi naamini ndicho kilichokupata ulipofika la nne. Hukulia kwa sababu huna mambo manne. Ulilia kwa sababu la tano lilichelewa kuja, nawe ukaona kuchelewa kwake ni hukumu juu ya moyo wako.

Niseme pia ukweli ambao wauza madaftari hawausemi. Jennifer Cregg na Jennifer Cheavens walikusanya majaribio 27 ya mazoezi ya shukrani, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2021 walikuta kwamba mazoezi hayo hupunguza dalili za sonona na wasiwasi kwa kiasi kidogo tu. Yana manufaa kwa maisha ya kawaida, hayawezi kuchukua nafasi ya tiba. Kwa hiyo mtu akikuahidi kwamba daftari litabadilisha maisha yako, mwache apite.

Basi ufanye nini? Chaguo la kwanza ni kutofanya chochote mpaka nyumba itulie, na ni chaguo halali kabisa. Wiki inapowaka, lala, kula kwa wakati, tengeneza kinachotengenezeka. La pili ni orodha ya kila wiki, fupi, siku ile ambayo unapata kukaa. Kama unapenda kuandika, itakufaa. Lakini kwa mtu aliyekwama pale ulipokwama, mimi ningeacha orodha na kuchukua jambo moja lenye mtendaji, nikaliangalia kwa karibu.

Chukua Jumanne. Usiandike "nashukuru kwa majirani wema", hayo ni maneno ya kadi. Jiulize ilikuwaje hasa. Ulikuwa umesimama nje, nusu ya ufunguo mkononi na nusu ndani ya kitasa, watoto wamechoka, giza linaingia. Nani aliongea kwanza, wewe au yeye? Alikuwa anafanya nini alipokuona, na alikiacha? Watoto aliwakalisha wapi? Alikupa simu umpigie fundi? Alikuonyesha kwa namna yoyote kwamba mnamsumbua? Baada ya hapo jaribu kuondoa: mlango wake ungekuwa umefungwa, ungewapeleka wapi watoto? Minkyung Koo na wenzake walionyesha mwaka 2008 kwamba watu walioandika jinsi jambo jema lingeweza kutotokea walijisikia vizuri zaidi kuliko walioandika jinsi lilivyotokea. Jema tulilolizoea linaonekana upya likikaribia kutokuwepo. Ukimaliza maswali hayo utakuwa na kitu kizito kuliko orodha ya mambo kumi, na hukumlazimisha moyo wako kusema lolote.

Halafu mwambie. Hili ndilo ningelishikilia kuliko yote. Ujumbe mfupi unatosha: "Jirani, sijakushukuru vizuri kwa siku ile ya kitasa. Nilikuwa karibu kulia, na ulivyowaingiza watoto ndani bila kuniuliza kitu kulinituliza. Asante sana." Ona kwamba ujumbe huu unataja alichofanya, hali uliyokuwa nayo, na kilichobadilika. Watu wengi huahirisha kwa kuona haya, wakidhani mwenzao ataona ni maneno mengi au anajua tayari. Amit Kumar na Nicholas Epley walilichunguza hilo mwaka 2018: walioandika barua za shukrani walikadiria kupita kiasi jinsi mpokeaji angeona aibu, na kwa upande mwingine hawakutegemea angefurahi kiasi kile. Na kwa wanaoishi pamoja, Sara Algoe na wenzake walikuta mwaka 2010 kwamba siku mtu alipohisi shukrani kwa mwenzi wake kwa jambo dogo la kumjali, kesho yake wote wawili waliuona uhusiano wao umekaa vizuri zaidi, aliyetenda na aliyetendewa. Hii nakuachia kwa ajili ya mume pia, siku atakapomleta fundi mwenyewe.

Kwa mwanao mkubwa usitumie ujumbe. Mtafute mkiwa peke yenu, umwambie ulichokiona: "Jumatatu uliacha kitanda ukaja kudeki na mimi. Ningekuwa peke yangu ningeshindwa." Kisha nyamaza, usiongeze "ndiyo uwe hivyo kila siku", maana hapo shukrani inageuka agizo na mtoto anajua tofauti. Wala usiwapange watoto mezani kila mmoja ataje la kushukuru baada ya siku mbaya. Wakikusikia ukimshukuru jirani kwa jina na kwa tendo, somo limeshapita.

Mdogo na ndoo yake tumsamehe. Simu iliyoingia maji izimwe, isichajiwe, ikaushwe vizuri. Kuizika kwenye mchele hakuna maana.

Mwisho, kuna hali ambazo jibu langu la kuandika halitoshi. Wiki mbaya inapaswa kukuachia: bomba likitengenezwa na ukalala siku mbili tatu, moyo unapaswa kunyanyuka, hata kidogo. Ikiwa majonzi au kukosa hamu vimekaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, unaamka alfajiri na usingizi haurudi, chakula hakina ladha, ulivyovipenda havikugusi, na ile sauti ya "mimi ni mtu mbaya" inaendelea hata nyumba ikiwa shwari, nenda ukamwone daktari au mwanasaikolojia ana kwa ana. Kama kuna mawazo ya kujidhuru au ya kutamani usiwepo, nenda siku hiyohiyo, na mtu akusindikize. Ukijikuta unawapiga watoto kwa hasira ambayo baadaye unaijutia, hiyo pia ni sababu tosha ya kutafuta msaada, na mtaalamu hatakushangaa. Na kama unaogopa kulalamika nyumbani kwa sababu ya kitakachofuata, matusi au kipigo, basi tatizo lako halihusiani kabisa na shukrani. Mtafute mtu wa ustawi wa jamii au mtu unayemwamini kabla ya kuzungumza na mume kuhusu mgawanyo wa kazi.

Ukienda kwa daktari, usimweleze yaliyovunjika tu. Mwambie unalala saa ngapi, hedhi yako ikoje, uchovu ulianza lini, na kama mdogo hajatimiza mwaka mtajie umri wake, kwa sababu sonona baada ya kujifungua inaweza kujitokeza wakati wowote ndani ya mwaka huo wa kwanza. Mwombe apime damu pia. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo humfanya mtu awe mchovu, mwepesi wa kulia na mwenye kusahau, na vyote viwili vina tiba.